Aliyedhurika Abishe Hodi Wapi?

Kabla ya meli za mvuke, pepo za kaskazi zilileta majahazi ya Kutch katika pwani ya Afrika Mashariki na pepo za kusi zikayarudisha. Nguo zilikuja, pembe na karafuu zikaenda. Katika karne hii pwani hizo mbili zimekutana tena kwa sababu nyingine. Mundra, katika jimbo la Gujarat nchini India, na Kwasasi, katika kaunti ya Lamu nchini Kenya, kila moja ilichaguliwa iwe kiwanja cha mtambo mkubwa wa umeme wa makaa ya mawe, na kote kuwili wavuvi walikuwa miongoni mwa waliosimama mbele kupinga. Hofu zao hazikupishana sana: maji ya moto yanayorudishwa baharini baada ya kupoza mitambo, vumbi la makaa, na kufungwa kwa njia za kuteremkia pwani. Walipishana mahali pa kwenda kushtaki. Wavuvi wa Mundra walifika hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, wakapata hukumu inayosomwa na wanasheria duniani kote, na mtambo ukabaki pale pale ulipojengwa. Watu wa Lamu walikwenda mbele ya mahakama maalumu ya nchi yao, ambayo wengi nje ya Kenya hawajawahi kuisikia, na mtambo haukujengwa.

Kwa nini? Jibu la haraka ni kwamba mmoja ulikuwa umekwisha kusimama na mwingine ulikuwa bado karatasini. Jibu hilo ni la kweli, lakini linaleta swali kubwa zaidi: ni mila gani ya kusimamia madhara inayomruhusu mtu kusema kabla ya msingi kuchimbwa, na ni ipi inayomsubiri aumie kwanza? Anayesoma miongozo ya mabenki ya maendeleo, sheria za mazingira za nchi zetu, maelekezo ya wakopeshaji wa China na kanuni za kale za maji za Waarabu atakuta orodha za mambo ya kulindwa zinakaribiana: ardhi, maji, riziki, makaburi, watoto. Zinatofautiana katika mlango ambao mwenye kudhurika anaruhusiwa kuubishia hodi, saa ambayo mlango huo hufunguliwa, na uwezo wa aliyeketi ndani.

Nianze na Mundra, kwa kuwa pale mila ya Washington, yaani ya Benki ya Dunia, ilijaribiwa mpaka ukomo wake. Mwaka 2008 Shirika la Fedha la Kimataifa (IFC), mkono wa Benki ya Dunia unaokopesha makampuni binafsi, liliidhinisha mkopo wa dola milioni 450 kwa mtambo wa kampuni ya Tata wenye uwezo wa megawati zipatazo 4,000. Mvua zikiisha, wavuvi wa ukanda ule huhamia ufukweni na familia zao, wakajenga vibanda na kukaa huko kwa sehemu kubwa ya mwaka. Wanaume huingia baharini. Wanawake huchambua samaki na kuwaanika juani. Wavuvi wa kwetu wangesema wenzao wako dagoni. Na mtu wa dago ni rahisi kumkosa katika daftari la mtathmini: ukimtafuta kijijini hayupo, ukifika ufukweni majira ya mvua huoni hata kibanda. Malalamiko yalipofika mwaka 2011 katika ofisi ya IFC inayosikiliza walioathirika, inayojulikana kwa kifupi cha CAO, ukaguzi wake ulieleza kwamba IFC haikuhakikisha vya kutosha kuwa wavuvi hao na mazingira yao ya bahari wametathminiwa kama viwango vyake vyenyewe vinavyotaka. Ripoti ilitoka mwaka 2013. CAO huweza kusema hivyo, ila haiwezi kumwamuru mtu kulipa wala kusimamisha mashine.

Ndipo wavuvi wakaenda mahakamani, mjini Washington, mwaka 2015. IFC ilijitetea kwamba sheria ya Marekani ya mwaka 1945 inayakinga mashirika ya kimataifa yasishtakiwe kabisa. Tarehe 27 Februari 2019 Mahakama ya Juu, kwa kura 7 dhidi ya 1, ilikataa hoja hiyo: kinga ya mashirika hayo hailingani na ukuta usio na mlango, bali ni ile ile ya serikali za kigeni, ambazo katika shughuli za kibiashara zinaweza kushtakiwa. Ulikuwa ushindi mkubwa wa kanuni. Lakini kesi iliporudi chini, mahakama ziliona kwamba kiini cha malalamiko kilikuwa India, si Marekani, na kwa hiyo kinga ikabaki. Mwaka 2022 Mahakama ya Juu ilikataa kuisikiliza tena.

Mtu asije akadhani kwamba mila hii ya Washington ni ya maneno matupu. Ina historia, na historia hiyo imeandikwa kwa maumivu ya watu wa bara letu. Mwaka 1956 Benki ya Dunia ilitoa dola milioni 80 kwa bwawa la Kariba kwenye mto Zambezi, mkopo ambao kwa wakati ule ulikuwa mkubwa kuliko wowote iliowahi kutoa kwa mradi mmoja. Watonga wapatao 57,000 wa bonde la Gwembe walihamishwa katika kingo zote mbili za mto. Walipakiwa kwenye malori pamoja na vyungu na kuku wao, wakapelekwa kwenye ardhi kavu mbali na mto waliokuwa wakilima kwenye tope lake kila maji yalipopungua. Mwaka 1958, katika kijiji cha Chisomu, wakazi waliokataa kuondoka walikabiliana na polisi wenye bunduki, na watu wanane wakauawa. Maji yalipoanza kupanda, ikaandaliwa operesheni ya kuokoa wanyamapori iliyopewa jina la Nuhu, na magazeti ya Ulaya yakaifuatilia kwa mapenzi makubwa. Kuwaokoa wanyama ni jambo jema. Lakini kupanga jinsi ya kumwokoa swala kwa uangalifu kuliko ilivyopangwa kumhamisha binadamu ni jambo ambalo bado linauma kulisoma.

Mwaka ule ule wa 1956 wanaanthropolojia wawili, Elizabeth Colson na Thayer Scudder, walianza kuwachunguza Watonga, na kazi yao ikaendelea kwa miongo. Walionyesha kwamba mtu anayeng'olewa hupoteza nyumba, na pamoja nayo hupoteza ujuzi wa udongo, jirani wa kukopa kwake, mahali pa kutambikia. Maarifa ya namna hiyo, pamoja na juhudi za mwanasosholojia Michael Cernea ndani ya Benki yenyewe, yalizaa mwaka 1980 sera ya kwanza ya Benki kuhusu kuwahamisha watu. Ikawa imeandikwa. Haikuwa na mlango.

Mlango uliletwa na mto Narmada. Mwaka 1985 Benki iliidhinisha dola milioni 450 kwa bwawa la Sardar Sarovar nchini India. Wakulima na watu wa jamii za Adivasi, wakiongozwa na vuguvugu ambalo Medha Patkar ndiye sura yake, walipinga kwa miaka hadi Benki ikateua tume huru chini ya Bradford Morse, aliyewahi kuongoza Shirika la Umoja wa Mataifa la Maendeleo. Ripoti ya Juni 1992 haikuzunguka: ilisema mradi una kasoro, na kwamba Benki haikufuata sera zake yenyewe. Mwaka uliofuata, mwezi Septemba 1993, bodi ya Benki iliunda Jopo la Ukaguzi. Kwa mara ya kwanza taasisi ya aina hiyo iliwaruhusu watu wawili au zaidi wa mahali panapoathirika kuleta malalamiko yao moja kwa moja, bila kupitia serikali yao. Shauri la kwanza lilitoka Nepal kuhusu mradi wa umeme wa Arun wa Tatu, na mwaka 1995 Benki ikajitoa. Mabenki mengine ya maendeleo, ikiwemo ya Afrika, nayo yakaunda vyombo vya namna hiyo.

Umuhimu wa mlango huo nauona zaidi Uganda. Barabara ya Kamwenge hadi Fort Portal ina urefu wa kilomita 66, na kwa tathmini ya kawaida barabara ni barabara: lami, mitaro, kifusi, vumbi. Watu wa Bigodi walileta jambo jingine. Wafanyakazi wa ujenzi waliokuja kukaa kati yao waliwadhulumu kingono wasichana, wengine wakiwa bado wa shule. Desemba 2015 Benki ilifuta fedha ilizokuwa ikiupa mradi, na baada ya uchunguzi wa Jopo ilibidi ikubali kwamba hatari ya kijamii inaweza kuingia na watu wanaomwaga lami. Viwango kumi vya mazingira na jamii vilivyoidhinishwa mwaka 2016 na kuanza kutumika Oktoba 2018 vinakwenda mbali kuliko sera za zamani: vinagusa hali ya wafanyakazi na usalama wa jamii inayopokea kambi ya ujenzi, na miongozo iliyofuata inaitaja dhuluma ya kijinsia kwa jina lake. Ofisa wa wilaya akiyatazama malori yakipita asingeweza kuliona tatizo hilo. Liliandikwa kwa sababu mama na baba wa Bigodi walikuwa na mahali pa kulipeleka.

Hata hivyo mlango wa mkopeshaji una bawaba moja dhaifu, nayo ni fedha zenyewe. Machi 1993, Benki ilipoweka masharti kwa bwawa la Sardar Sarovar, India iliomba sehemu iliyobaki ya mkopo ifutwe. Ilikuwa haki yake kama dola huru, na ilifanya hivyo kwa heshima. Bwawa liliendelea kujengwa kwa fedha za ndani, likazinduliwa Septemba 2017. Miaka thelathini na kitu baada ya ombi hilo la India, jambo linalofanana nalo lilitokea Tanzania. Mradi wa kuendeleza utalii wa kusini, REGROW, ulikuwa na dola milioni 150 za Benki ya Dunia. Watu wanaoishi kandokando ya Hifadhi ya Ruaha walipeleka kwenye Jopo malalamiko ya kuondolewa na kutendewa ukatili. Aprili 2024 Benki ilisitisha kutoa fedha. Novemba mwaka huo mradi ulifutwa kwa ombi la serikali. India na Tanzania hazifanani kwa mengi, na bwawa si hifadhi. Ila wenye malalamiko wa Narmada na wa Ruaha walijikuta mahali pamoja: yule aliyekuwa na uwezo wa kumbana mhusika ameanza kufunga vitabu vyake, na mkulima na mfugaji wamebaki na jirani yule yule.

Mila ya China inaanzia mahali pengine kabisa, na haielezeki kwa haki ukiitazama kama upungufu wa ile ya Washington. Mizizi yake imo katika mkutano wa Bandung, 1955, na katika kanuni nane za misaada alizozitangaza waziri mkuu wa China, Zhou Enlai, nchini Ghana mwaka 1964: anayesaidia asimwekee masharti anayesaidiwa, wala asidai upendeleo. Kwa nchi zilizokuwa zimetoka jana mikononi mwa wakoloni, msimamo huo ulikuwa heshima. Kizazi cha wazee wetu kilichoiona reli ya TAZARA ikijengwa kati ya 1970 na 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, baada ya nchi za Magharibi kukataa kuifadhili, hakihitaji kufundishwa maana yake. Kwa mtazamo huo mwenye kusimamia madhara ya mradi ni mwenye nchi. Yeye ana bunge, ana mahakama, ana mamlaka ya mazingira. Mkopeshaji akija na kitabu chake cha viwango kumi na jopo lake la wakaguzi, anasema kwa kitendo kwamba mwenye nyumba hajui kusimamia nyumba yake.

Mtazamo huo nao umebadilika kwa muda. Mwongozo wa mikopo ya kijani ambao wasimamizi wa mabenki ya China waliutoa mwaka 2012 unayataka mabenki yahakikishe kwamba miradi ya nje inafuata sheria za nchi husika na kwenda sambamba na desturi njema za kimataifa. Septemba 2021 Rais Xi Jinping aliuambia Umoja wa Mataifa kwamba China haitajenga tena mitambo mipya ya makaa nje ya mipaka yake. Na benki ya AIIB yenye makao Beijing, ambamo nchi nyingi zina hisa, tangu 2019 ina utaratibu wake wa kuwasikiliza walioathirika. Lakini mabenki makubwa ya sera ya China yenyewe hayana chombo cha hadhara mfano wa Jopo, mahali ambapo mtu wa kijijini anaweza kupeleka barua na kudai majibu. Uzito wote umewekwa kwenye sheria ya nchi mwenyeji. Kwa hiyo mila hii ina nguvu sawasawa na sheria hiyo: sheria ikiwa macho, mradi unasimamiwa, sheria ikisinzia, hakuna mwingine wa kuamka.

Lamu ni mahali ambapo sheria ilikuwa macho. Mtambo wa megawati 1,050 ulikuwa wa kampuni ya Kenya, Amu Power, na benki ya ICBC ya China ilikuwa tayari kuchangia sehemu kubwa ya fedha. Mwaka 2016 mamlaka ya mazingira, NEMA, iliupa leseni. Wakazi, chini ya muungano wa Save Lamu, walikata rufaa kwenye Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira iliyoundwa na sheria ya 1999. Tarehe 26 Juni 2019 mahakama hiyo ilifuta leseni. Wengi wa waliosherehekea walizungumzia hewa chafu na mji wa kale ambao UNESCO iliutia kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Mimi navutwa zaidi na sababu moja ya kitaratibu, kavu kwa sura yake: mikutano mingi na wananchi ilifanyika kabla ripoti ya tathmini haijakamilika. Watu waliitwa, wakaketi, wakaelezwa mema ya mradi, wakatia saini kwenye karatasi ya mahudhurio. Baadaye ndipo ripoti ikaandikwa, ikiwa na yale ambayo walipaswa kuulizwa. Mahakama ilikataa kuuita mkutano wa namna hiyo ushirikishwaji. Mtu hawezi kutoa maoni juu ya madhara ambayo hajaonyeshwa. Iligusa pia kutozingatiwa kwa sheria ya mabadiliko ya tabianchi ya 2016. ICBC ilijitoa baadaye, na kwa kufanya hivyo haikupingana na mila yake: nchi mwenyeji ilikuwa imesema.

Nyuma ya hukumu hiyo kuna Ibara ya 70 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010. Inamruhusu mtu kwenda mahakamani kutetea haki ya mazingira safi bila kulazimika kuonyesha kwamba kuna aliyepata hasara au kuumia. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya 2004 nayo inafungua njia ya kushtaki pale penye tishio tu la madhara. Ukiziweka sheria hizi kando ya safari ya wavuvi wa Mundra, utaona tofauti yenyewe. Kule, shauri lilihusu samaki waliokwisha kupungua na maji yaliyokwisha kuingia chumvi. Huku, shauri lilihusu karatasi, na karatasi huchanika kwa urahisi kuliko zege.

Pwani ile ile ya Lamu inatoa pia mfano wa kinyume, na ni haki kuutaja. Ujenzi wa bandari mpya ya mradi wa uchukuzi wa LAPSSET ulizinduliwa Machi 2012. Mikoko ilikatwa, mlango wa bahari ukachimbwa, na wavuvi wa madau na jarife wakaondolewa kwenye maji ya karibu waliyoyazoea bila vyombo vya kuwafikisha bahari kuu. Mahakama Kuu iliamua Aprili 2018 kwamba haki zao zimevunjwa, za riziki na za utamaduni pia, na kuwapa wavuvi wapatao 4,600 fidia ya shilingi bilioni 1.76. Ni hukumu yenye heshima. Lakini ilikuja miaka sita baada ya uzinduzi, na malipo nayo yakahitaji mazungumzo marefu. Nchi moja, katiba moja, kaunti moja: mtambo ulizuiwa kabla, bandari ililipiwa baada. Mlango wa nyumbani, basi, hauna dhamana ya peke yake. Unategemea nani kauwahi.

Kuhusu hilo la kuwahi, mila moja ya kale ina jambo la kufundisha kuliko zote, nayo haina benki wala jopo. Katika Oman, ambako Waswahili wengi wana jamaa, vijiji vimeishi kwa karne nyingi kwa maji ya aflaji, mifereji ambayo mingine hupita chini ya ardhi kutoka kisima mama mlimani hadi kwenye mitende. Mitano kati ya mifereji hiyo imo katika orodha ya urithi wa dunia tangu 2006. Kila mwenye hisa ana zamu yake ya maji, iliyopimwa mchana kwa kivuli cha jua na usiku kwa nyota, na wakili wa falaji ndiye msimamizi. Mafakihi waliuwekea mfereji harimu yake: eneo la kandokando ambalo hakuna ruhusa ya kuchimba kisima kipya, kisije kikanyonya maji ya wengine. Walihitilafiana juu ya urefu wa eneo hilo, kwa kuwa ardhi laini huvuja mbali kuliko mwamba. Hawakuhitilafiana juu ya nani mwenye jukumu. Ni anayekuja na jembe. Aliyetangulia hahitaji kungoja maji yapungue ndipo alalamike, wala kupima hasara yake kwa fedha. Ugomvi ukizuka humwendea wakili, kisha kadhi, wote wanaoijua ardhi ile kwa miguu yao.

Ukiilinganisha harimu na tathmini ya athari ya leo, zinakutana katika kutazama mbele. Zinaachana katika mzani. Tathmini huuliza madhara yatapunguzwaje na fidia itakuwa kiasi gani, maana inaanza na dhana kwamba mradi unaweza kufanyika. Harimu inaanza na dhana kwamba maji ya jirani hayaguswi. Kwa upande mwingine harimu inamjua jirani tu. Haina la kusema juu ya asiye na hisa, au mfanyakazi wa kigeni, au moshi unaopeperushwa hadi mji wa tatu. Na pampu za mota zilipoenea, maji yalivutwa kutoka kina ambacho mafakihi hawakukifikiria, ikabidi dola iingie na sheria zake.

Kuna pia kiumbe ambaye hana mlango wowote. Katika korongo la Kihansi, kwenye ukingo wa milima ya Udzungwa, Tanzania ilijenga mtambo wa umeme wa megawati 180 kwa fedha za Benki ya Dunia na wafadhili wa Ulaya. Mradi haukuhamisha watu wengi, na kwa kipimo cha Kariba ungehesabiwa safi. Mwaka 1996, ujenzi ukiwa unaendelea, watafiti walikuta kwenye majani yanayolowa manyunyu ya maporomoko chura mdogo wa rangi ya njano, mfupi kuliko kidole gumba, ambaye huzaa watoto walio hai badala ya kutaga. Hakuna mahali pengine duniani alipopatikana. Maelezo yake ya kisayansi yalichapishwa mwaka 1999, na mara tu maji yakageuzwa kuelekea kwenye mitambo, yakabaki karibu sehemu moja ya kumi kwenye maporomoko. Yakawekwa mabomba ya kunyunyizia maji juu ya majani, ili kuiga manyunyu yaliyopotea. Mwishoni mwa 2000 vyura wapatao mia tano walisafirishwa hadi bustani ya wanyama ya Bronx, New York. Mwaka 2003 idadi korongoni iliporomoka, ugonjwa wa ukungu ukiwa mmoja wa watuhumiwa, na mwaka 2009 ikatangazwa kwamba spishi imetoweka porini. Wazao wa wale waliosafiri walirudishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2010, na tangu 2012 wamekuwa wakirudishwa korongoni.

Niliitaja Kariba kwa uchungu, na ningeweza kusema hapa kwamba vyura wamepandishwa ndege wakati watu walipandishwa malori. Sisemi hivyo, kwa sababu Kihansi inaonyesha kitu cha tofauti. Orodha zilikuwepo, fedha zilikuwepo, nia ilikuwepo, na bado utafiti wa kina wa korongo ulikuja baada ya uamuzi wa kujenga. Aliyejua hakuwa mezani wakati wa kuamua. Ni kosa lile lile la dagoni Mundra na la mikutano ya Lamu, likiwa limevaa ngozi ya chura.

Nikiziweka mila hizi pamoja, siioni hata moja ninayotaka kuitupa. Mlango wa Washington uko mbali na hufunguliwa kwa kuchelewa, lakini husikia mambo ambayo mlango wa nyumbani wakati mwingine huogopa kuyasikia. Bila huo Bigodi ingebaki kimya. Mila ya Beijing imemheshimu mwenye nchi, na heshima hiyo hudai mwenye nchi awe na mahakama zisizoogopa. Harimu imeweka mzigo mahali panapostahili, juu ya anayekuja. Kama ningeombwa ushauri na wanaoandika mikataba ya mikopo, ningewaambia mambo mawili. Jopo la kimataifa liwe mahali pa rufaa, na fedha za kuunda baraza la ndani la kusikiliza malalamiko zitoke katika mkopo wenyewe, kabla ya saruji. Na kifungu cha kuwajibika kwa walioumia kisife mkopo unapofutwa. Mkopeshaji na mkopaji wabaki nacho hadi malalamiko yaliyokwisha kupokelewa yamalizike.

Wengi wetu hatuandiki mikataba ya mikopo. Lakini mikutano ya mradi hufika kwetu, chini ya mwembe au katika ukumbi wa kata. Kanuni za Kenya zinataka mwenye mradi afanye angalau mikutano mitatu na watakaoathirika. Za Tanzania zinataka muhtasari wa ripoti uwe pia kwa Kiswahili. Siku ukiitwa, nenda. Uliza kwanza kama ripoti imekwisha kuandikwa, omba muhtasari wake mkononi, na kabla ya kutia saini mahudhurio hakikisha kwamba ulichosema kimeingia kwenye kumbukumbu za mkutano, kwa maneno yako, kando ya jina lako.